Mwongozo kamili: kumtembelea mgonjwa wa dini yoyote wodini bila kumharibia siku

Naandika hii kwa sababu kila kundi jipya la watu wa huduma ya kiroho linaloanza hapa Moshi linakwama palepale. Biblia wanaijua, wengine Kurani wanaisoma vizuri tu, sauti za kuombea wanazo, ila mpeleke mtu kwenye kitanda cha mgonjwa ambaye sio wa dini yake ndo uone. Ama anahubiri, ama anaganda kama nguzo ya umeme, ama anasema "pole, Mungu yupo" halafu huyo kitanda cha pili. Jioni anakuambia leo nimetembelea wagonjwa 40. Arobaini! Mimi nikifika 8 kwa siku nimechoka hoi.

Na huku kwetu mgonjwa hachagui jirani wa kitanda. KCMC, hospitali kubwa ya rufaa hapa Moshi, inapokea rufaa za Kilimanjaro, Arusha, Manyara mpaka Tanga, kwa hiyo wodi moja unamkuta Mlutheri wa Machame, ubavuni kwake bibi wa Kiislamu katoka Pangani, mbele yao mzee wa Kimasai wa Simanjiro, Msabato wa Same, na kule dirishani Singasinga mwenye duka mjini. Hospitali iwe ya kanisa au ya serikali kama Mawenzi hapa Moshi au Mount Meru kule Arusha, mgonjwa hakuja pale kufuata dini ya mwenye jengo, kaja kutibiwa.

Basi twende.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujavuka geti

- Kibali cha uongozi wa hospitali na kitambulisho kinachoonekana. Bila hivyo wewe ni mtu tu anayezurura wodini, na mlinzi ana haki ya kukutoa.
- Daftari dogo la mfukoni na kalamu. Sio simu. Ukiandika kwenye simu mgonjwa anadhani unachati.
- Orodha ya namba za watu: padri, mchungaji wa KKKT, mchungaji wa Kipentekoste, mzee wa kanisa la Wasabato, imamu au maalim, mwanamke wa Kiislamu anayeaminika (huyu watu wanamsahau kila mara), na mtu mmoja mmoja kutoka jamii ya Wahindu na Masingasinga. Zipigie namba zote kabla, hakikisha zinapokelewa hata usiku.
- Sanitaiza na barakoa. Wodi ya TB wana barakoa zao maalum, uliza, usiingie na kile kitambaa chako cha kushonesha.
- Biblia ndogo ya Kiswahili, rozari moja mbili, msala mwepesi (mkeka wa kuswalia) au kanga safi.
- Kifuko cha udongo mkavu msafi kwa ajili ya tayamamu (Muislamu kujitwaharisha kwa udongo pale maji yasipowezekana). Waislamu wengi wa kwetu ni wa madhehebu ya Shafi na wanataka udongo wenye vumbi, sio jiwe tupu. Ila muulize nesi kwanza, mgonjwa mwenye kidonda wazi hupeleki vumbi karibu yake.
- Viatu visivyopiga kelele.

Mavazi: koti jeupe hapana, utaulizwa majibu ya vipimo. Kola ya uchungaji au kanzu mi naviacha kwa siku ya ibada. Nishaona baba mmoja kamwona mtu kavaa kola anamsogelea, akaanza kulia anamwita mke wake, alidhani daktari kakata tamaa ndo wameleta mchungaji amuage.

## Hatua ya 1: Anza kwa sista inchaji (nesi mkuu wa wodi)

Usiende moja kwa moja kitandani. Nenda meza ya manesi, jitambulishe, sema umekuja kwa ajili gani, uliza vitu vitatu tu: nani leo anahitaji mtu wa kukaa naye, nani hatakiwi kusumbuliwa, na kuna kitanda chochote chenye masharti (barakoa, glovu, asiguswe, asile kitu).

Hilo la kutokula lishike sana. Mgonjwa anayesubiri kuingia thieta hapewi hata kipande cha mkate wa Chakula cha Bwana, na aliyepigwa kiharusi anaweza kupaliwa na tone la maji. Wewe unaona baraka, nesi anaona operesheni imeahirishwa au mgonjwa kapaliwa mapafu yamejaa maji.

Usiulize ugonjwa wake ni nini. Hauhusiki. Akitaka atakwambia mwenyewe.

Na ukikuta raundi ya madaktari inaendelea, kaa nje usubiri, usijipenyeze katikati na Biblia kwapani.

Utajua umefanya vizuri pale inchaji atakapoanza kukufuata yeye: "mchungaji, yule wa namba 7 usiku hakulala, pita kwake." Inachukua wiki kadhaa, usikate tamaa.

## Hatua ya 2: Mikono

Nawa kabla ya kitanda, nawa baada ya kitanda. Kila kitanda. Sisi watu wa dini tunashika mikono ya watu kuliko hata madaktari, na tunatoka kitanda hadi kitanda, fikiria mwenyewe tunabeba nini. Usikae juu ya kitanda cha mgonjwa. Usiweke begi lako juu ya shuka lake. Una mafua? Baki nyumbani, huo nao ni utumishi.

## Hatua ya 3: Piga hodi

Hapa ndo pana kila kitu, ukishindwa hapa zilizobaki ni kelele.

Mgonjwa kavuliwa nguo kavalishwa gauni, kaambiwa saa ya kula na saa ya kulala, kila anayepita anamfunua bila kumuuliza. Kimebaki kitu kimoja tu ambacho ni chake, kile kitanda na hatua moja kukizunguka. Hiyo ndo nyumba yake. Sasa wewe kwenu ukifika kwa mtu unaingia tu mpaka sebuleni? Unapiga hodi. Na mwenye nyumba ana haki ya kutokujibu.

Kwa hiyo simama miguuni mwa kitanda, mahali anapokuona bila kugeuza shingo. Salimia kama unavyosalimia nyumbani kwa watu, shikamoo kwa wakubwa, "habari za hapa" kwa rika lako. Halafu sema hivi, au kitu kinachofanana na hiki:

"Mimi naitwa fulani, niko hapa hospitali kwa ajili ya kukaa na wagonjwa wa dini zote na wasio na dini. Sina dawa wala sindano. Naweza kukaa na wewe kidogo, au leo umechoka nije siku nyingine?"

Ile "au" ya mwisho ndo hodi yenyewe. Mpe mlango wa kukukatalia kwa heshima, maana watu wetu ni wapole, mtu atakubali kuombewa na yeyote kwa sababu tu anaona aibu kukataa, halafu wewe unaenda kutoa ushuhuda kwamba kapokea.

Nieleze langu. Wiki yangu ya kwanza kabisa nilifika kwa mama mmoja mtu mzima, kajifunika kitenge mpaka kichwani, mi nikaona huyu mama wa kanisani kabisa, nikamshika mkono nikaomba. Na sio kuomba kidogo, niliomba kama niko kwenye mkesha, kwa jina la Yesu mara sijui ngapi. Nilipofungua macho ananiangalia kwa upole. Akasema, "Asante mwanangu. Nilikuwa nakusubiri umalize, Adhuhuri inanipita, hebu nisaidie kibla kiko wapi?" Nilitamani sakafu ipasuke. Hajanitukana, hajanisema kwa mtu, na mpaka anaruhusiwa alikuwa ananiita "mwanangu wa kelele".

Kwenye wodi ya wanawake, kama wewe ni mwanaume, hodi inaanzia mlangoni. Ita kwanza, subiri watu wajifunike. Mwanamke wa Kiislamu usimnyooshee mkono, weka mkono wako kifuani umsalimie, akinyoosha yeye ni sawa. Na kama pazia limevutwa, limevutwa. Usichungulie.

Wazee wa Kimasai saa ingine Kiswahili ni kidogo. Tafuta ndugu yake au nesi anayejua Kimaa, na usiongee na mkalimani ukamsahau mzee, mwangalie yeye. Vijana wao wakikuinamishia kichwa ujue wanakuamkia, gusa kichwa kidogo na kiganja, usisimame unashangaa.

Umefaulu hatua hii kama mgonjwa amekwambia "kaa". Na umefaulu pia kama amekwambia "leo hapana" na wewe ukaondoka ukitabasamu. Huyo wa pili nakuhakikishia kesho kutwa atakuita.

## Hatua ya 4: Kaa, uliza kidogo, nyamaza sana

Vuta kiti au stuli, kaa macho yako yawe usawa wa macho yake. Ukisimama juu yake unakuwa kama daktari wa pili. Dakika 10 hadi 15 zinatosha, mgonjwa mahututi hata 3.

Maswali ninayotumia hayafiki matano. "Nini kinakupa nguvu siku kama hizi?" "Nyumbani umeacha nani?" "Kuna jambo linakukaa rohoni hata dawa haiwezi kulifikia?" Hilo la nyumbani linafungua watu kuliko swali lolote la dini, maana mama wa Rombo anawaza ng'ombe nani anamkatia majani, na mzee wa Kibosho anawaza kahawa inaiva yeye yuko kwenye dripu.

Halafu funga mdomo. Kimya cha dakika moja wodini ni kirefu kama ibada ya Ijumaa Kuu, utataka kukijaza, usikijaze.

Maneno ya kutupa kabisa: "ni mapenzi ya Mungu", "Mungu ana makusudi", "bora wewe kuna wenzako hali mbaya zaidi", "ungekuwa na imani". Akiyasema yeye mwenyewe kuhusu maisha yake ni sawa, ni yake. Wewe ukiyasema unamfungia mlango usoni. Hata "utapona" usiahidi, hujasoma faili.

Na kamwe, narudia kamwe, usimwambie mtu aache dawa. Tuliokuwepo 2011 tunakumbuka watu walivyokuwa wanatoka wodini kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Babu cha shilingi 500, na wengine wakaacha na ARV zao. Mgonjwa akikuambia anataka kwenda kwenye maombi au kwa mganga usimzomee, msikilize anaogopa nini, halafu mwambie aongee na daktari wake kabla hajakatisha dozi, kama anapenda uwe naye wakati anaongea.

## Hatua ya 5: Jua anataka nini, sio unachotaka kutoa

Sasa ndo unauliza, kwa lugha nyepesi: "Kuna jambo la dini yako ungependa tukusaidie ukiwa hapa?" Angalia nimesema ya kwake. Majibu utakayopata yanashangaza. Mmoja anataka rozari yake iliyoingia kwenye mfuko wa nguo chafu. Mwingine anataka simu imfikie dada yake Dar. Mwingine ni swali la bili, hilo usilitatue mwenyewe wala usianze kuchangisha, mpeleke kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali, ndo kazi yao na wanajua njia zake. Mwingine hataki kitu, ana hasira na Mungu, na hiyo nayo ni sala ila haina amina.

Nikupe moja lililonikaa. Mzee mmoja wa uchagani, Mkatoliki, kila nikipita ananiambia nenda. Siku ya nne akasema sitaki sala, namtaka mdogo wangu. Kumbe hawajaongea miaka mingi, ugomvi wa mpaka wa kihamba (shamba la ukoo), kila mmoja anasema mwenzake kasogeza. Nikaomba namba, nikapiga, yule mdogo akakata simu. Kesho yake mchana namwona mlangoni mwa wodi, kashika jani la isale. Kama sio wa huku, isale ndo lile jani Mchagga anampelekea mtu aliyemkosea, na ukiletewa isale kukataa kusamehe ni jambo zito sana. Hawakusema maneno mengi, mzee alilipokea lile jani akaliweka chini ya mto. Jioni akaniita mwenyewe: "sasa niitie padri." Kama ningeleta padri siku ya kwanza angefukuzwa padri na mimi.

Usiandike dini ya mtu kwa jina lake wala kwa kabila. Unaweza kukuta Hamisi ni mwinjilisti na Maria kasilimu miaka 20 iliyopita.

## Hatua ya 6: Mwitie mtu wa kwake

Kazi yako kubwa sio kufanya ibada za watu wote, huwezi na huruhusiwi. Kazi yako ni kujua mlango upi ugongwe, mapema. Hapa nakaa kidogo maana ndo makosa yanapotokea.

Mkatoliki. Kitubio na Mpako wa Wagonjwa ni padri tu. Sio katekista, sio wewe. Watu wanangoja mpaka mgonjwa hajitambui ndo wanapiga simu, wakati Mpako ni wa mtu anayeumwa sana, sio lazima awe anakata roho, na kitubio kinahitaji mtu anayeweza kuongea. Piga mapema. Mshumaa usiwashwe karibu na oksijeni, hata mmoja mdogo wa baraka, moto ukishika pale hamna wa kusimulia. Uvumba ndo usahau kabisa.

Mlutheri, Mmoraviani, Mwanglikana. Mchungaji wake, na Chakula cha Bwana baada ya kuuliza nesi kama anaruhusiwa kumeza.

Mpentekoste. Atataka kuwekewa mikono na maombi ya nguvu. Sawa, ila wodi ina watu 20 wengine. Waambie wageni wake kabla hawajaanza: sauti ya chini, watu wawili watatu, hakuna kumsimamisha mgonjwa, hakuna mafuta kwenye kidonda, kwenye sehemu iliyoungua wala usoni kwa mtu wa oksijeni. Kuna chumba cha sala? Wapeleke ndugu huko wakalipue.

Msabato. Sabato inaanza Ijumaa jua likizama mpaka Jumamosi jua likizama, mambo ya kawaida yanayoweza kusubiri yapange nje ya hapo. Nguruwe hali, wengi nyama yoyote hawali, msaidie kumwambia mtu wa jikoni.

Shahidi wa Yehova. Suala la damu ni kati yake na daktari, na wengi wanatembea na kadi yao inayoeleza. Usijaribu kumbadilisha, sio kazi yako. Wazee wake watakuja.

Muislamu. Kwanza kibla. Kwa Moshi ni rahisi ajabu: Makka iko kaskazini kwetu, kulia kidogo, kwa hiyo ukisimama mjini ukaitazama Kibo, kilele cha Kilimanjaro, umekosea kidogo sana. Arusha mjini tazama Mlima Meru, halafu geuka kushoto kidogo. Jua kitanda kimelala vipi kila wodi, andika kwenye daftari mara moja, utashukuru siku ya mawingu. Kitanda chenye mashine usikihamishe, anayeshindwa kugeuka ana udhuru, anaswali alivyo, kwa kukaa, kwa kulala, hata kwa kuashiria kichwa. Maji yakimdhuru anatayamamu. Ramadhani wengine watang'ang'ania kufunga wakiwa na kisukari, usimwamrishe wewe, mwite sheikh na daktari wakae naye pamoja, maana ruhusa ya mgonjwa kutofunga iko ndani ya Kurani yenyewe na akiisikia kwa sheikh inaingia. Msahafu usiushike shike kama huna udhu, waachie wenyewe.

Mhindu na Singasinga. Wahindu wengi hawali nyama, na mtu akiwa mwishoni familia inaweza kutaka kumdondoshea maji ya Ganges na jani la tulsi mdomoni, muulize nesi, mara nyingi tone linawezekana. Singasinga nywele na bangili yake ya chuma ni vitu vya dini, kabla hajanyolewa au kuvuliwa kwa ajili ya thieta wambie manesi waulize kwanza. Dakika mbili za kuuliza zinaokoa ugomvi wa wiki.

Anayefuata mila. Usimcheke na usimwite mpagani. Muulize nani mkubwa wa ukoo wa kumwita.

Wodi ya watoto wachanga. Mama anaweza kukuambia usiku wa manane "mtoto wangu abatizwe". Kwa Wakatoliki na Walutheri, mtoto akiwa hatarini Mkristo yeyote anaweza kubatiza, maji na maneno "nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu", halafu unaandika jina na saa umjulishe paroko au mchungaji. Maji kidogo yanayotiririka kwenye paji yanatosha, mtoto yuko kwenye joto la mashine, usimloweshe. Wapentekoste na Wasabato hawabatizi wachanga, huyo anaombewa baraka. Mtoto wa Kiislamu baba yake atataka kumuadhinia sikio la kulia, msaidie apate ruhusa ya kuingia. Na bila mzazi kuomba hufanyi chochote, hata kama moyo unakuuma.

Utajua imekwenda vizuri kama yule uliyemwita akifika anakuta mgonjwa anamsubiri, na wewe umetoka nje ya pazia.

## Hatua ya 7: Ukiombwa kuomba

Kama ameomba wewe umuombee, muulize "tuombe nini?" Atakwambia. Omba hicho. Dakika moja, sauti ya watu wawili, usitaje ugonjwa wake jirani akasikia. Mkristo mara nyingi Zaburi ya 23 anaijua kwa moyo, ianzishe muache aimalize yeye. Muislamu akikuambia niombee na wewe sio Muislamu, mi husema "Mwenyezi Mungu akupe shifaa" (yaani uponyaji), naishia hapo, sijifanyi sheikh na wala simwingizii ya kwangu kwa mlango wa nyuma.

Usiombe sala ambayo ni mahubiri yaliyofumbwa macho. "Ee Bwana, mfundishe ndugu yetu aache pombe..." Huyo humwombei, unamsema.

Sadaka usipokee. Hata elfu moja. Hata ndizi, kama huwezi kuwagawia wodi nzima.

## Hatua ya 8: Mtu akielekea mwisho

Hapa upole na haraka vinaenda pamoja. Kaa upande anaoweza kukusikia, masikio tunaambiwa hubaki mpaka mwisho kwa hiyo usijadili jeneza pembeni yake.

Muislamu: piga simu kwa ndugu na maalim. Anayeelekea kukata roho analakiniwa shahada (anatamkiwa ili aifuatishe), taratibu, bila kumlazimisha arudie rudie, na Yasini inasomwa. Kama hamna Muislamu kabisa karibu, tafuta, hata mhudumu wa usafi au nesi wa zamu, karibu kila wodi yupo. Akishafariki anafumbwa macho, taya linafungwa, viungo vinanyooshwa, anafunikwa, na kuosha ni kazi ya Waislamu wenzake, mwanaume kwa wanaume, mwanamke kwa wanawake, mke na mume wanaweza kuoshana. Watataka kuzika haraka, kwa hiyo unachoweza kuwasaidia ni karatasi: waelekeze nani anasaini, mochwari iko wapi, nani wa kuongea naye. Ndugu wa marehemu wanazunguka jengo zima na machozi wanatafuta mlango, wewe unaujua, watembeze.

Wakristo wa huku wengi watataka kumrudisha kihambani, mazishi nyumbani, na vikao vya familia vitaanzia palepale kwenye ngazi. Usikae kikaoni. Ukiulizwa azikwe wapi, hujui.

Baada ya kifo usiguse mwili kabla ya kumuuliza nesi na ndugu. Kama kuna suala la polisi au uchunguzi, hakuna anayegusa.

Mke au mtoto akianguka kulia, mpe kiti, maji, kaa chini naye. Sikuandikii maneno ya kusema kwa sababu sina, huwa nasema "pole" na kubaki pale.

## Hatua ya 9: Kuondoka na kuandika

Aga vizuri, sema utarudi lini, na kama husemi ukweli usiseme. Mgonjwa anahesabu. Uliyemwambia "kesho" anakaa ameangalia mlango.

Toka, nawa, andika mistari miwili: kitanda, anachohitaji, nani kaitwa. Siri alizokwambia hazimo. Isipokuwa moja: akikuambia anataka kujidhuru, au kudhuru mtu, au anaficha dawa hamezi, hiyo unampelekea nesi hapohapo, na unamwambia mgonjwa kwamba unaenda kusema. Usimzunguke.

Sasa lile la magrupu ya WhatsApp. "Wapendwa tumuombee dada fulani, wodi namba fulani, kakutwa na..." Jamani. Tangu 2023 nchi ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi inafanya kazi, na habari za afya ya mtu zimo kwenye zile nyeti kabisa. Lakini hata ingekuwa haipo. Kuna binti alijua kwamba mtaa mzima wa kwao unajua majibu yake kwa sababu mtu wa maombi aliandika kwenye grupu la kanisa, alilala kageukia ukutani siku mbili hajibu salamu ya mtu yeyote wa dini, mimi nikiwemo. Picha ndo kabisa hapana, hata mkono tu, hata ukiziba uso.

Mwisho, kabla hujapanda daladala kurudi nyumbani, kaa mahali dakika 10 na mwenzako mnayefanya naye hii kazi, mweleze kilichokuumiza leo bila kutaja majina. Mi na mwenzangu, yeye ni maalim, tunakaa kwenye benchi la nje ya geti tunakunywa chai ya tangawizi, yeye ananiambia mayiti aliyemuosha asubuhi alikuwa kijana wa umri wa mwanae, mi namwambia ya kwangu, halafu daladala ya Soweto inakuja anapanda, mi nasubiri ya Majengo.